Sosi Namba Saba Haina Ukali

Jamhuri ya Usikivu haina matatizo. Hayo si maneno ya mitaani. Yalithibitishwa kwa waraka wa serikali wenye mihuri minne, na nakala yake ikabandikwa kwenye kila zahanati isiyo na dawa. Kwa hiyo Mheshimiwa Rais aliporudi kutoka ng'ambo akiwa amenuna, wananchi walishikwa na hofu. Rais wa nchi isiyo na matatizo ananunaje?

Ikaja kujulikana kwamba huko alikokwenda, Marekani, katika jimbo la Luiziana, aliandaliwa kamba wa kukaanga na sosi ya watu wanaoitwa Wakejuni. Sosi nyekundu, ya pilipili iliyochachushwa kwa chumvi na siki, ikatiwa kitunguu saumu, thaimu na pilipili manga. Mheshimiwa alionja akatokwa na machozi mbele ya wenyeji wake, na badala ya kuona aibu akaona wivu.

"Watu wale," alisema kwenye uwanja wa ndege, kabla hata ya kusalimia, "wana sosi inayoliza marais. Sisi tuna nini?"

Hakuna aliyejibu, maana swali la Rais huwa halijibiwi, hupigiwa makofi. Wiki hiyo hiyo yakatangazwa Mashindano ya Taifa ya Sosi ya Kikejuni, kila mkoa ulete mtungi wake. Kwa kuwa hakuna aliyejua Mkejuni ni mtu gani, Wizara ya Utamaduni ilitoa kijitabu kilichoeleza kwamba Wakejuni ni ukoo wa kale wa Usikivu uliohama nchi kwa sababu ya furaha kupita kiasi. Watoto wa shule walikikariri. Na kazi ya kuonja na kuamua mshindi akapewa Bakili Ndomondo, kama ilivyotarajiwa.

Bakili alikuwa Mwonjaji Mkuu wa Idara ya Ladha. Mtu mfupi, mpole, wa miaka arobaini na minane, anayetembea karibu na ukuta ili asimzuie mtu njia. Lakini ulimi wake ulikuwa habari nyingine. Aliweza kuonja mchuzi akakwambia kama nyanya zilichumwa asubuhi au jioni, na kama mpishi aligombana na mtu wakati anakaanga vitunguu. Serikali iliuthamini ulimi huo. Siku alipoajiriwa alitia saini karatasi isemayo kwamba ulimi ni mali ya Jamhuri, umeandikishwa kwa namba UL/004, na mwajiriwa ameazimwa tu kwa matumizi ya nyumbani.

Aliyeugundua ulimi wenyewe hakuwa serikali. Alikuwa Mama Sihaba, mpishi wa shule ya bweni aliyosoma Bakili. Siku moja mtoto wa kidato cha kwanza, mwembamba kama fimbo, alipita jikoni akasema bila kuulizwa kwamba maharage yaliungua chini kisha yakahamishiwa sufuria nyingine. Mama Sihaba alikuwa amefanya hivyo kweli, na alikuwa peke yake. Alimtazama, akamchotea kijiko cha mchuzi wa pili. "Na hapa kimepungua nini?" Tangu siku hiyo, miaka minne, hakuna sufuria iliyotoka jikoni mle kabla Bakili hajaionja. Alifundishwa kutofautisha siki na ndimu, pilipili ya kukausha juani na ya kukausha motoni. Na alifundishwa jambo moja zaidi: anayeonja kwa niaba ya wengine haonji kwa hisani.

Mama Sihaba sasa alikuwa amestaafu. Alikaa Mtaa wa Maghala, barazani pamoja na mitungi yake, anatengeneza sosi ya pilipili na kuiuza kwenye chupa. Mkoa wake ulipotafuta sosi ya kupeleka mashindanoni haukuhangaika. Ikaandikwa Sosi Namba Saba.

*

Wiki moja kabla ya mashindano, mama huyo alifika ofisini kwa Bakili, amejifunga khanga mbili na kuvaa viatu vya kutokea. Bakili aliruka kumvutia kiti.

"Karibu ukae, mama."

"Sikai. Nikikaa watasema tulikaa."

"Basi nikuletee hata maji."

"Sitaki. Nimekuja kwa neno moja tu, mwanangu. Usinipendelee. Kama ni mbovu, sema ni mbovu, nitakwenda kuirekebisha. Onja, useme ulichoonja. Basi."

"Mama, mimi nimejifunza kwako."

"Ndiyo maana nakwambia," akasema Mama Sihaba, akaenda zake.

Bakili alijisikia vizuri siku nzima. Si kila mtu hupata nafasi ya kutenda haki na kumfurahisha mtu anayempenda kwa kijiko kimoja. Alikuwa bado anajisikia vizuri alipoitwa na Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Shomvi, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye tangu azaliwe hajawahi kugombana na mtu.

Bwana Shomvi alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Akamuuliza hali ya mkewe, Zamoyoni, na ya watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akamweleza kwamba Sosi Namba Tatu, iitwayo Mwali wa Taifa, imetengenezwa na mke wa Rais kwa mikono yake.

"Bahati mbaya," akasema, "Mama wa Taifa ana vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza pilipili. Kwa hiyo ametumia nyanya, sukari, rangi na mapenzi kwa nchi yake."

"Sosi ya Kikejuni isiyo na pilipili?"

"Ndiyo itakayokuwa kali kuliko zote."

"Bila pilipili, Katibu?"

"Ukali wa sosi ya kiongozi hautokani na pilipili, Ndomondo. Unatokana na wadhifa." Akasogeza bakuli la sukari. "Sasa kuna hii Namba Saba. Mpishi wetu aliifungua kifuniko tu, akashinda siku nzima akipenga kamasi. Hiyo haina ukali."

"Haina?"

"Hata chembe. Tukisema ni ya pili, watu watalinganisha. Tukisema haina kabisa, watalinganisha nini?"

Bakili alitazama chai yake. Bwana Shomvi akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba nafasi ya Mkurugenzi wa Idara iko wazi tangu mwezi uliopita na inahitaji mtu mtulivu.

Hakumtisha. Hilo ndilo lililokuja kumtesa Bakili baadaye. Kama angetishwa, kama angeonyeshwa hata pingu, angekuwa na kitu cha kujiambia. Lakini alipewa chai yenye iliki iliyosagwa siku ile ile, akaulizwa habari za wanawe, na akasema, "Sawa."

*

Siku mbili kabla ya mashindano palifanyika mazoezi ya kukohoa. Wakurugenzi walipangiwa kukohoa mara mbili, makatibu wakuu mara tatu, na mawaziri wakohoe kwa kadiri ya imani yao, ila wasimpite Makamu wa Rais. Wauguzi sita waliwekwa tayari kwa atakayezimia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mitungi tisa ilipangwa juu ya meza ndefu, na Bakili amesimama nyuma yake amevaa koti jeupe na kofia ya mpishi ambayo hakuwahi kuivaa maishani. Mama Sihaba alikaa mstari wa nne, amejifunga khanga zile zile mbili.

Namba Moja ilikuwa achari ya maembe iliyobadilishwa jina. Namba Mbili ilinuka mafuta ya taa. Alipofika Namba Tatu, ukumbi mzima uliinama mbele kumtazama. Akaweka kijiko mdomoni. Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Akakohoa.

Ukumbi nao ukapokea. Walikohoa walio mbele, wakakohoa walio nyuma. Waandishi wa habari walikohoa huku wakiandika. Walipitishiwa vijiko, na kila aliyelamba alijipepea kwa ratiba na kupiga kelele za "Maji! Maji!" Waziri wa Mifugo alipoona Waziri wa Barabara ameanguka kwenye kiti, akaanguka sakafuni. Mama wa Taifa aliketi akitabasamu kwa unyenyekevu, akawaomba radhi wote kwa mateso aliyowasababishia.

Namba Nne, Tano na Sita zilipita upesi. Kisha Bakili akafungua Namba Saba.

Kabla hajaonja aliijua. Ilikuwa na harufu ya jikoni mle shuleni, lakini imekua, imetulia. Akaweka kijiko. Kwanza ukaja uchachu, mpole, wa pilipili zilizokaa kwenye chumvi wiki nyingi bila kuharakishwa. Nyuma yake kitunguu saumu kilichobanikwa na maganda yake. Kisha, taratibu, moto. Moto huo haukuwa na fujo. Ulianzia kwenye ncha ya ulimi, ukazunguka pande zote mbili, ukashuka kooni, ukapanda nyuma ya masikio, na kila ulipopita uliacha ladha, haukuacha maumivu. Alionja hata subira ya mtu aliyeisimamia. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi, Bakili hakuwahi kukutana na kitu kama hicho. Machozi yalifika kwenye kope, akayarudisha.

Bwana Shomvi alikuwa anafuta miwani yake.

"Sosi Namba Saba," akasema Bakili, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu wa chumba cha pili, "haina ukali."

Ili kuthibitisha, Waziri wa Ladha, Mheshimiwa Mabruki, alisimama kutoa hotuba. Kwa ushujaa usiosahaulika alichota kijiko cha mezani, kikubwa, akakimeza chote mbele ya taifa. Masikio yakambadilika rangi. Jasho likaanza kumtiririka, likalowesha ukosi wa shati, likaendelea. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta.

"Ndugu wananchi," akasema, "ni... baridi. Baridi kama... maji ya mtungi. Machozi haya mnayoyaona ni ya uzalendo."

Akapigiwa makofi dakika tatu, na alihitaji zote.

Watu walipotoka, Bakili alijibanza karibu na mlango wa nyuma, lakini Mama Sihaba naye alipita mlango huo huo. Walikutana uso kwa uso. Bakili alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Asante, mwanangu," akasema Mama Sihaba, kwa adabu ya mtu anayemshukuru karani aliyemwambia arudi kesho. Akapita.

*

Usikivu ni nchi ya sheria, na neno la mtaalamu likishatangazwa kwenye gazeti la serikali huwa sheria. Mwali wa Taifa, kwa kuwa ilithibitishwa kuwa kali kupita zote, iliondolewa sokoni kwa usalama wa umma, ikafungiwa kwenye ghala la silaha. Polisi walipoambiwa kutawanya wafanyabiashara waliokuwa wakilalamikia ushuru, waliwanyunyizia. Wafanyabiashara walikimbia, kwa heshima, wakaenda nyumbani wakifuatwa na nyuki.

Kwa upande wake, Mama Sihaba alipokea barua ya kumkataza kuiita bidhaa yake pilipili, kwani ni kuwadanganya wateja. Aliamriwa aandike kwenye kila chupa: Maji Mekundu.

Bakili akawa Mkurugenzi. Alipewa kiti kinachozunguka na dirisha linalotazama bustani. Lakini nyumbani chakula hakikushuka. Si kwamba ulimi ulikufa, laiti ungekufa. Ulizidi kuwa mkali. Katika wali wa mkewe alionja kwamba alipikiwa na mtu anayemwonea huruma. Katika chai ya ofisini alionja kwamba mhudumu ana shangazi Mtaa wa Maghala.

"Bakili, unaumwa?" Zamoyoni alimuuliza asubuhi moja.

"Siumwi."

"Basi umefanya nini?"

Akasema amechelewa kazini, akatoka.

Siku hiyo alikuta barua mezani, nakala kwa taarifa yake. Ilisomeka hivi: kwa kuwa Sosi Namba Saba imethibitishwa kitaalamu kutokuwa na ukali wowote, na kwa kuwa ni nyekundu, na kwa kuwa uji wa watoto wa Usikivu umekosa rangi kwa muda mrefu, serikali imechukua chupa zote mia tatu na kumi kutoka kwa mtengenezaji, kwa manufaa ya taifa, ili ziungwe kwenye uji wa watoto wa chekechea. Uzinduzi Jumamosi saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mabruki. Chini kulikuwa na muhuri wa Mkurugenzi wa Idara ya Ladha, yaani wake mwenyewe. Mtu wa masijala alikuwa amemsaidia kuugonga.

Bakili alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Bwana Shomvi.

"Katibu, ile sosi ni kali!"

"Ipi?"

"Namba Saba. Wewe unajua. Waziri anajua, alikunywa maziwa siku tatu! Watoto wataungua vinywa!"

Bwana Shomvi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Unataka kuniambia kwamba ulisema uongo mbele ya Rais?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani. Nimesoma faili lako, hakuna mahali palipoandikwa kwamba wewe ni mwongo. Lakini sikuzuii. Kuna fomu ya kutengua uamuzi wa mwonjaji. Inajazwa na mwonjaji mwingine wa ngazi yako."

"Hakuna mwonjaji mwingine wa ngazi yangu."

"Basi uamuzi wako umesimama. Hongera." Akamgusa bega. "Usiwe na wasiwasi, Ndomondo. Watoto wa nchi hii wana utii. Hawatalia."

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja Bakili, kwa sababu alijua ni kweli.

*

Jumamosi uwanja wa chekechea ulipambwa kwa bendera. Watoto mia mbili na kumi na wawili walikaa kwenye mikeka, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, wamefunga mikono kama walivyofundishwa. Mbele yao palikuwa na sufuria kubwa la uji, limewekwa kwenye jukwaa lililotandikwa zulia jekundu. Chupa zote zilikuwa zimekwisha kumiminwa humo. Mvuke ulipopepea, mtoto mmoja wa mstari wa mbele, mwenye nywele zilizosukwa vizuri, alishika pua.

"Mwalimu, uji unanichoma."

"Nyamaza, Mwajuma. Hujanywa bado," akasema mwalimu wake, Bi. Rehani, mwanamke wa makamo. Lakini naye alikuwa anapepesa macho.

Mama Sihaba alikuwa amealikwa kama mtengenezaji wa Maji Mekundu, ili apigwe picha. Alikaa pembeni, mikono mapajani, akitazama pilipili zake za mwaka mzima zikielea kwenye uji.

Mheshimiwa Mabruki alikuwa katikati ya hotuba Bakili alipopanda jukwaani. Hakualikwa kusema. Akashika kipaza sauti.

"Mimi ni Bakili Ndomondo. Mimi ndiye nilisema sosi hii haina ukali. Nilisema uongo. Ni kali. Ni kali kuliko kitu chochote nilichoonja, na ni nzuri kuliko kitu chochote nilichoonja, na nilisema uongo kwa sababu nilitaka cheo. Watoto wasinywe."

Mheshimiwa Mabruki akacheka, na wageni wote wakacheka nyuma yake.

"Mmemsikia Mkurugenzi wetu?" akasema Waziri. "Mnyenyekevu namna gani! Anajisingizia mpaka uongo ili tumpende zaidi!"

Makofi yakalipuka. Mpiga picha akamwomba Bakili arudie. Akarudia: "Nilidanganya!" Wakapiga makofi zaidi, na bendi ikadhani ndiyo ishara yake, ikaanza kupiga. Waziri akachota upawa wa kwanza, akamwita mtoto wa mstari wa mbele. Mwajuma alisimama, akaja na kikombe chake amekishika kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi tayari, lakini alikuwa anakuja.

Bakili alimtazama Mama Sihaba. Alitaka ruhusa. Mama Sihaba hakutikisa kichwa wala hakukubali; alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu aliyeshika kijiko.

Akaegemeza bega lake kwenye sufuria, akasukuma. Liliyumba, likarudi, akasukuma tena kwa nguvu zake zote, likapinduka. Uji wote ukamwagika kwenye zulia, ukashuka ngazi za jukwaa, ukajaza viatu vya Waziri na kuingia mtaroni. Bi. Rehani ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka: akamnyanyua Mwajuma juu juu, akapiga kelele watoto wote wakimbilie darasani.

Polisi walipomkamata Bakili alikuwa bado anautazama mtaro. Mia tatu na kumi. Alikuwa amemharibia Mama Sihaba mara ya kwanza kwa neno, na sasa kwa mikono.

*

Mahakamani mambo yalikuwa rahisi. Kama sosi ilikuwa kali, mshtakiwa alilidanganya taifa. Kama haikuwa kali, alimwaga uji salama wa watoto. Lazima moja lingempata.

"Mheshimiwa hakimu," akasema Bakili, "nakiri la kwanza. Nilidanganya. Naomba nihukumiwe kwa hilo."

Mwendesha mashtaka akapinga vikali. Mshtakiwa akikutwa na hatia ya uongo, alisema, itakuwa pia Rais alidanganywa, na Rais hadanganyiki. Hakimu, mwanamke mtu mzima mwenye miwani minene, akaona njia moja tu. Kulikuwa na chupa moja iliyookotwa jukwaani, na ndani yake kimebaki kiasi cha kijiko. Akaiomba.

Akaonja.

Mahakama ilingoja. Miwani ya hakimu ikaingia ukungu. Akaivua. Akafungua mdomo, ukafunga wenyewe. Mwisho akavuta karatasi, akaandika, akampa karani asome.

"Mahakama imeonja," karani akasoma. "Mahakama haikuona ukali."

"Mheshimiwa," Bakili akasema taratibu, "unalia."

Karani akarekodi kwamba mshtakiwa ameidharau mahakama. Akahukumiwa miezi mitano ya kufagia Ghala la Viungo la Taifa, kwa kosa la kumwaga uji. Ulimi ulitakiwa urejeshwe stoo; ilipoonekana hautoki, aliamriwa kwenda kila Ijumaa kumwonyesha mtunza stoo, auhesabu. Na kwa shtaka la kudanganya, akaachiwa huru. Alipinga. Alikata rufaa. Rufaa ikarudi na jibu kwamba Jamhuri haina hasira naye na inamwona kuwa ni mtu mkweli.

Alifagia miezi mitano. Hakuna aliyemtukana huko pia.

*

Siku aliyomaliza hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda Mtaa wa Maghala. Mama Sihaba alikuwa barazani, mbele yake beseni la pilipili mbivu, anazipasua na kutoa mbegu. Mitungi miwili tu ilikuwa imejaa. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bakili alisimama juani. Alikuwa ameyapanga maneno kwa miezi mitano. "Nimekuja uniadhibu," akasema mwishowe.

"Mimi mahakama?"

"Mahakama imekataa."

"Nimesikia." Akapasua pilipili nyingine. "Nilijua, Bakili. Ulipoweka kijiko tu, nyuma ya masikio yako palitoka jasho. Kwa dakika moja hivi nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Kisha ukafungua mdomo."

"Nisamehe, mama."

"Pilipili haichachi kwa siku moja." Akasogeza beseni kwa mguu. "Kaa. Sasa unaweza kukaa, hakuna mtu wa kusema."

Akakaa. Hakupewa glavu. Baada ya pilipili ishirini vidole vilianza kuwaka, baada ya hamsini mikono yote mpaka kwenye viwiko, na alipofuta jasho kwa kujisahau, jicho likafumba lenyewe. Akachukua pilipili nyingine. Mama Sihaba naye akaendelea kupasua.

Ilipokaribia adhuhuri wateja walianza kuja na kupanga mstari. Wa kwanza alikuwa Bi. Rehani, mwalimu wa chekechea. Alimtambua Bakili, akasita. Kisha akachukua chupa, akaigeuza, akasoma yale maneno, Maji Mekundu.

"Mama Sihaba, ningependa kujua. Hii ni kali kweli?"

Mama Sihaba aliweka pilipili chini. Aligeuka akamtazama Bakili, akangoja.

Bakili akasimama. Jicho moja limefumba, mikono inawaka, ameinyoosha mbele kama ya mtu mwingine.

"Ni kali, mwalimu," akasema. "Mimi ndiye nilisema si kali. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi. Bi. Rehani akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Naomba mbili."

Bakili aliinama kurudi kwenye beseni, lakini Mama Sihaba akamshika mkono, akaelekeza kidevu kwenye mstari uliofika mpaka kwenye kona.

"Sema tena," akasema. "Yule wa nyuma hakusikia."